Kisu Hiki Ni cha Kazi Gani?

Hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya wazazi na vijana wa jumuiya yetu hapa London Mashariki. Waliokuwa kazini siku hiyo waliniomba niiandike, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni kwa mandazi. Vijana mlioko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo. Leo nina maneno yenu zaidi kuliko ya wazazi wenu.

Mnanijua, mimi ni mtu wa bucha. Huu ni mwaka wa 19 nasimama nyuma ya gogo la nyama katika mji huu, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mtu wa bucha kule Tanga. Alfajiri, kabla sijasema na mtu, nimeshashika kisu. Mikono hii mnayoiona ina makovu saba, na yote saba niliachiwa na visu butu, maana kisu butu huteleza na kisu kikali huenda unakokipeleka. Kwa hiyo nikisimama hapa kuwaambia habari za visu, naomba mnisikilize.

Nianze na mhunzi.

Kule kwetu palikuwa na mzee mmoja, amekaa chini ya mwembe, na vijana wawili wanampulizia mivukuto. Chuma chake kilikuwa springi za malori mabovu. Kila panga, kila shoka, kila kisu cha mtaa ule kilikuwa springi ya lori hapo zamani. Siku moja baba akanituma nikamwagizie kisu. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nikafika, nikamwamkia, nikasema baba anataka kisu. Mzee hakuniuliza pesa. Hakuniuliza kikubwa au kidogo. Aliniuliza, "Cha kazi gani?"

Sikujua. Akanirudisha nyumbani nikaulize. Saa saba ya mchana, mchanga unaunguza nyayo, kisa swali hilo moja. Nikaenda, nikarudi, nikamwambia, "Baba anasema cha kuchunia." Uso ukamfunguka. "Basi kitakuwa kifupi," akasema, "na ncha yake nitaipandisha juu, isije ikatoboa ngozi." Akachukua makaa, akanichorea umbo lake juu ya ubao. Kisu kilikuwa hakijafuliwa, lakini nilikiona.

Cha kazi gani? Wenzangu, tazameni lugha yetu yenyewe. Mgema ana kotama yake. Mvunaji ana mundu. Seremala ana tezo, kinyozi ana wembe, mkulima ana panga. Ukitaja jina la chombo, kazi yake umeshaitaja. Sisemi wazee wetu hawakuwa na silaha. Walikuwa na mapanga ya vita na sime na mikuki, na mpaka leo bwana harusi wa Unguja au wa Lamu hujifunga jambia. Lakini upanga uliitwa upanga, na aliyeuchukua alijua amechukua nini. Hakuna aliyemuuzia mtoto wa watu upanga akamwambia ni kisu cha kufungulia maboksi.

Sasa niwape habari ya mpwa wangu. Yupo humu ndani, na ameniruhusu.

Mwaka 2024, mwezi wa Julai, mzigo ulifika bucha kwa jina lake. Ana miaka 19 wakati huo, ananisaidia siku za Ijumaa na Jumamosi. Akaufungua juu ya kaunta. Boksi jeusi. Ndani yake ala nyeusi, ndani ya ala kisu cheusi, bapa lake inchi kumi, mgongoni kina meno kama msumeno, na mpini wake umechongwa vishimo vya vidole. Alilipa pauni 40. "Mjomba," akaniambia, "hiki ndicho wanachotumia makomando." Nikamwomba simu nilisome tangazo. Kazi? Sikuiona. Neno nyama halikuwamo, wala kamba, wala kuni, wala samaki. Yaliyokuwamo ni vita, usiku, adui, mwindaji na mwindwa, mtu wa mwisho kubaki amesimama.

Nikamwambia, haya, tukijaribu. Nikaweka bega la kondoo juu ya gogo. Kisu changu mimi kina mpini wa plastiki na bapa la inchi sita, nilikinunua kwa pauni zisizofika 25, na kimenolewa miaka mingi mpaka kimekuwa chembamba kama jani la mkaratusi. Kikiingia kwenye kiungo kinapinda kidogo, kinaufuata mfupa kama mtu anayeijua njia ya kwao. Nikamwonyesha. Kisha nikachukua kile chake.

Bapa lilikuwa nene, likagoma kupinda, likachimba mfupa. Meno ya mgongoni yakanasa mafuta na nyuzi za nyama, kila nikivuta yanarudi na uchafu. Kile kikingio cha chuma kwenye mpini kikanizuia nisiweke kidole changu cha shahada panapotakiwa. Na karibu na makali ile rangi nyeusi ikaanza kubanduka, ikaacha vipande kwenye nyama. Bega lile nililitupa. Mpwa wangu akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, hiki si cha nyama."

Nikamuuliza, "Cha kazi gani?"

Akanyamaza. Akaangalia sinki. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshalijua jibu, na yeye pia.

Usiku ule ndipo aliponieleza. Mwaka uliotangulia alinyang'anywa simu kwenye basi. Hakumwambia mama yake. Akanunua simu nyingine, na kwenye hiyo simu mpya akatazama kisu kimoja, kimoja tu, kwa dakika moja. Kuanzia hapo vikaanza kumjia vyenyewe. Asubuhi visu, usiku visu. Mtoto ana hofu, na kuna mtu ameinusa hofu ile akaja kumuuzia. Ndugu zangu, hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo. Chuma kile hakikuwa na thamani ya pauni 40. Alicholipia mtoto ni hofu yake mwenyewe, amerudishiwa ikiwa na mpini.

Turudi kwenye maneno yao kidogo, maana vijana mtakutana nayo. Wanasema "daraja la kijeshi". Jeshi hununua vitu kwa zabuni: linaandika kiwango cha chini kinachotakiwa, halafu linatazama na bei. Aliyekwambia kitu ni cha daraja la kijeshi, muulize: jeshi gani, kiwango gani, kimepimwa na nani? Wanasema "chuma cha upasuaji". Hakuna chuma kimoja chenye jina hilo. Ni jina la kupendeza tu linalopachikwa kwenye vyuma vingi visivyoshika kutu, vizuri na vibaya. Wanasema "alumini ya ndege". Alumini hiyohiyo imo kwenye fremu za baiskeli. Wanasema ule mfereji ulio ubavuni mwa bapa ni wa kupitisha damu. Uongo. Mfereji ule huwekwa ili bapa liwe jepesi na libaki imara, na wahunzi wameujua tangu enzi za panga za kale. Lakini sema "wa kupunguza uzito" uone kama mvulana wa miaka 17 atasisimka.

Na lile neno kubwa kuliko yote, "tactical", ambalo maana yake hasa ni mbinu za vita. Limepachikwa kwenye kalamu. Limepachikwa kwenye tochi, kwenye mikanda, kwenye mifuko ya kubebea nepi za watoto. Kalamu ya mbinu za vita! Anayeandika nayo anapigana na nani?

Msidhani serikali ya hapa haikuliona jambo hili. Kuna Sheria ya Visu ya mwaka 1997. Sheria hiyo inasema ni kosa kukitangaza kisu kwa namna inayoonyesha kwamba kinafaa kwa mapigano, au kwa namna inayoweza kuchochea watu wakitumie kwa ukatili. Sikieni vizuri: kosa liko kwenye tangazo. Kisu chenyewe kinaweza kuwa halali kabisa, na maneno uliyokiuzia yakakupeleka mahakamani. Miaka mingi nimeishi hapa bila kuijua sheria hiyo. Nadhani wengi wenu mnaisikia leo.

Kisha vikaja vile visu vinavyoitwa vya zombi. Visu virefu, vyenye meno, vyenye rangi kali, vimeandikwa maneno ya kuua kwenye bapa au kwenye mpini. Mwaka 2016 vikapigwa marufuku Uingereza na Wales, na sheria ikavitambua kwa mambo matatu: makali, meno, na yale maneno au picha zinazoashiria ukatili. Wauzaji wakafanya nini? Wakafuta maneno. Kisu kilekile, umbo lilelile, ila sasa hakina maandishi, na kikaendelea kuuzwa kwa sababu hakikuhitaji tena kuandikwa. Kila kijana alikuwa ameshafundishwa kulisoma umbo lake. Ilibidi tusubiri mpaka tarehe 24 Septemba 2024 ndipo sheria ikavifikia na vile visivyo na maandishi, vyenye bapa la zaidi ya inchi nane. Miaka minane, ndugu zangu. Na mwaka 2022 kule Wolverhampton kijana wa miaka 16 aliuawa karibu na kwao na wavulana wa rika lake waliomfananisha na mtu mwingine, na upanga uliotumika ulikuwa umenunuliwa mtandaoni. Mama yake hakukaa kimya. Alizunguka, akazungumza, akapigania, na tarehe 1 Agosti 2025 panga za namna ile, zile zinazoitwa za ninja, nazo zikapigwa marufuku. Mama mmoja.

Kisu cha mpwa wangu kilikuwa kinaangukia kwenye ile marufuku ya Septemba 2024. Kabla ya siku hiyo ya Septemba nilikifunga kwenye boksi lake, nikazungusha utepe wa gundi mara nne, nikakipeleka mwenyewe kituo cha polisi kwenye ule mpango wa kusalimisha visu. Askari aliyekipokea aliniuliza kama kimewahi kutumika. Nikamwambia kilikata bega moja la kondoo, tena vibaya.

Sasa twende Marekani, kwa sababu lugha hii huko ndiko ilikoota mizizi, na huko wanaiuza pamoja na bunduki.

Dada yangu na mumewe wanaishi Houston. Nilikwenda kwao Idi moja, na shemeji alikuwa ameagiza mbuzi kwa mkulima, akaniambia wewe ndiye fundi, utachinja. Nikahitaji kisu. Tukaingia duka kubwa la vifaa vya uwindaji. Rafu nzima ya visu, vyote vyeusi, na mabango juu yake yana askari waliojifunika nyuso. Nikamwuliza muuzaji, mzungu mtu mzima mwenye adabu, ni kipi kati ya hivi kitanifaa kwa mbuzi. Akacheka kwa upole. Akatia mkono mfukoni, akatoa kisu chake mwenyewe: kidogo, cha kukunja, mpini wa manjano, bapa limeliwa na kunolewa. "Hiki," akasema, "nimechunia paa wangu wote kwa miaka zaidi ya ishirini." Akatupeleka nyuma ya duka, rafu ya chini kabisa, kwenye visu vya jikoni na vya wavuvi. Nikapata changu kwa dola 18. Nikachinja, nikachuna, mama mkwe wa dada akanisifu.

Mwuzaji yule alijua. Mtu anayefanya kazi na kisu anajua. Wawindaji wa kule, wakulima wa kule, wanajua, na sina ugomvi nao hata kidogo. Rafu ya mbele haikupangwa kwa ajili yao.

Na bunduki je? Kulikuwa na kampuni moja, Bushmaster, iliyotangaza bunduki yake, ile ya mtindo wa AR-15, inayofanana na ya askari, kwa picha ya bunduki na maneno kwamba mnunuzi ahesabu kadi yake ya uanaume imetolewa upya. Kadi ya uanaume. Wazee wangu mliopita jandoni, uanaume wenu mliupewa na nani? Mlipewa na wazee waliokaa nanyi usiku na mchana, wakawafundisha kuvumilia, kumheshimu mama, kumlinda mdogo. Je, kuna aliyeuziwa? Tena tazameni ujanja ulivyo: ili nikuuzie kadi, lazima kwanza nikuaminishe kwamba umenyang'anywa.

Tarehe 14 Desemba 2012, katika mji wa Newtown, jimbo la Connecticut, kijana wa miaka 20 aliingia shule ya msingi na bunduki ya kampuni ile. Ilikuwa imenunuliwa kihalali na mama yake, ambaye alimuua kwanza. Shuleni aliua watoto 20, wote wa miaka sita na saba, na watu wazima sita. Wazazi wakataka kushtaki. Wakakuta ukuta: sheria ya Marekani ya mwaka 2005 inawakinga watengenezaji na wauzaji wa bunduki wasishtakiwe kwa uhalifu wa anayeitumia. Basi wazazi wale walipita wapi? Walipita kwenye matangazo. Mawakili wao walisema, hatuishtaki bunduki, tunashtaki namna mlivyoiuza. Sheria ya biashara ya Connecticut inakataza kuuza kwa njia isiyo ya haki, na mmewauzia vijana wa kiume vita. Mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaruhusu kesi iendelee kwa njia hiyo. Februari 2022 familia za watu tisa waliouawa zikafikia suluhu na kampuni ya Remington, iliyoimiliki Bushmaster, kwa dola milioni 73 zilizolipwa na kampuni za bima. Kesi haikufika kwenye hukumu. Lakini maneno ya tangazo yalipimwa, na yalikuwa na uzito wa kulipiwa.

Mtadhani wenzao walijifunza. Januari mwaka huohuo wa 2022 kampuni nyingine ilizindua bunduki ya watoto, JR-15, ndogo na nyepesi, iliyofanana na ya wakubwa, na nembo zake zilikuwa mafuvu mawili ya watoto yanayonyonya chuchu bandia. Tarehe 16 Mei kampuni ya Daniel Defense ikaweka mtandaoni picha ya mtoto mdogo ameketi chini na bunduki mapajani. Pembeni wakaandika mstari wa Biblia. Wakristo mlioko humu mnaujua, Methali 22:6: "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Siku nane baadaye, Uvalde, Texas, kijana aliyekuwa ametimiza miaka 18 mwezi huohuo aliua watoto 19 na walimu wawili kwa bunduki ya kampuni hiyo. Sisemi picha ile ndiyo iliyomtuma. Nasema niliposoma mstari ule umewekwa pale niliweka simu chini na sikuweza kufanya kazi mpaka adhuhuri.

Maana sisi tumefundishwa vingine. Waislamu wenzangu mnajua, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha tukichinja tuchinje kwa wema: tunoe kisu vizuri, tumpumzishe mnyama. Na wazee wetu hawanoi kisu mbele ya mnyama. Unampa mgongo. Unakificha kwenye kanzu au nyuma ya paja mpaka dakika yenyewe. Mbuzi anastahiwa asitishwe na makali. Mbuzi! Na mwanangu anatishwa nayo kila usiku kitandani, kwenye simu yake.

Kwenye matangazo haya kuna mtu mmoja haonyeshwi. Askari yupo, kisu kipo, bunduki ipo, adui hayupo. Ameachiwa mnunuzi amchore mwenyewe kwa woga wake. Nanyi mnajua, katika mji huu, kwenye basi la usiku, woga wa watu hupenda kuvaa sura ya nani. Mtoto wenu akinunua kile kisu, anamwogopa mtoto wa jirani. Na mtoto wa jirani, aliyeona tangazo lilelile, anamwogopa nani?

Wazazi, nawaomba jambo dogo. Mkikuta kitu cha namna hii chumbani kwa mtoto, msianze na kelele. Mimi nilikaribia kuanza na kelele. Kaeni naye, mkiweke katikati, mmuulize lile swali la mhunzi, kisha mnyamaze mpaka aseme. Mpwa wangu ilimchukua kutoka mchana mpaka saa tano ya usiku. Lakini alisema, na yale ya basi tukayajua, na sasa siku akitoka kazini usiku mmoja wetu humsubiri kituo cha basi.

Sasa hivi ana kisu chake pale bucha. Mpini wa plastiki, inchi sita. Juzi alichambua mguu mzima wa ng'ombe bila kuniita.

Jumatano, tukishafunga saa kumi na mbili jioni, mimi naye tutakuwa pale bucha na vinoo vitatu na ndoo ya maji. Mama zangu, leteni visu vyenu vya jikoni, vile butu mnavyokatia vitunguu kwa kusukuma, mvifunge vizuri kwenye taulo ndani ya mfuko. Vijana, njooni na mama zenu. Mpwa wangu ndiye atakayewafundisha kunoa.